Namna ya Kudhibiti Lehemu ya Damu na Kuukinga Moyo: Mwongozo kwa Wakazi wa Mombasa

Mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe ya matumbawe, iwe Kibokoni au kwingineko Mji wa Kale, anajua namna ukuta unavyoharibika. Unyevu hupenya kidogo kidogo nyuma ya lipu, chokaa huvimba pasipo mtu kuona, rangi ya nje hubaki safi, na siku moja kipande kizima huporomoka sakafuni. Ugonjwa wa ateri za moyo unaoletwa na mafuta ya damu hufuata mwendo huo huo. Ndiyo maana mfano tuliozoea kupewa, wa bomba la maji linalozibwa na chumvi ya kisima, haumsaidii sana mtu anayetaka kujikinga, kwa kuwa unamfanya asubiri dalili za kuziba, ilhali madhara yenyewe yamo ndani ya ukuta na hayaumi.

Lehemu, ambayo wengi wetu huiita kolestro, ni kitu chenye asili ya nta kinachotengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini, kwa ajili ya kuta za seli, homoni na nyongo. Kwa kuwa haichanganyiki na maji, husafiri ndani ya damu ikiwa imebebwa na chembe maalumu. Chembe ziitwazo LDL zikiwa nyingi, baadhi yake hupenya ukuta wa ateri na kunasa humo. Seli za kinga huja kuzimeza, hushiba mafuta na kufia papo hapo, na kifundo huanza kukua mahali hapo. Kifundo hicho kikipasuka, damu huganda juu yake kwa muda mfupi sana, njia hufungwa, na sehemu ya msuli wa moyo iliyokuwa ikinyweshwa na ateri ile huanza kufa. Mtu aliyepanda ngazi za ghorofa ya nne jana bila kuhema anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo leo asubuhi, na hakuna ajabu katika hilo.

Kwamba lehemu ni chanzo, wala si shahidi tu aliyekutwa mahali pa tukio, si habari mpya. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov wa Urusi alionyesha kuwa sungura waliolishwa lehemu hupata vifundo katika ateri zao. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani waliopasua miili ya askari waliouawa vitani Korea, vijana wa wastani wa miaka 22, walikuta wengi wao wamekwisha kuwa na dalili za ugonjwa huu. Tangu hapo tafiti zimezidi kuonyesha kuwa kinachoudhuru ukuta ni kiwango cha LDL pamoja na idadi ya miaka ambayo kiwango hicho kimedumu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hoja hiyo moja: kushusha LDL kidogo mapema na kuishikilia chini kwa miaka mingi kuna manufaa kuliko kuishusha sana baada ya ukuta kwisha kuoza.

Kupima, na kuisoma karatasi ya maabara

Lehemu haina dalili. Kizunguzungu, uzito wa kichwa, jasho na ganzi ya vidole, ambavyo mitaani husemwa kuwa ni dalili za mafuta kupanda, huenda vikawa vya presha, sukari au uchovu. Havimwambii mtu lolote kuhusu LDL yake. Wembamba nao si hati ya usalama. Njia ni kupima damu, na kipimo cha kuomba ni profaili ya lipidi yote, yaani kipimo cha mafuta yote ya damu, si lehemu ya jumla peke yake. Mtu mzima yeyote anaweza kupima mara moja ili ajue anapoanzia. Aliyefika miaka 40 asiahirishe, na mwenye sukari, presha, ugonjwa wa figo, virusi vya Ukimwi, au mzazi au ndugu aliyepata mshtuko wa moyo akiwa bado na nguvu zake asisubiri hata umri huo.

Kwa kipimo cha kawaida si lazima kufunga. Daktari huweza kutaka ufunge kwa muda wa saa 8 hadi 12 iwapo kipimo cha awali kilionyesha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, nyingi sana, na anayefunga Ramadhani anaweza kuitumia alasiri yake kwa jambo hilo bila taabu ya ziada. La kuangalia zaidi ni kwamba damu isichukuliwe katikati ya homa kali au punde tu baada ya kulazwa, kwa maana ugonjwa mkali huishusha LDL kwa muda na kukupa furaha ya uongo.

Karatasi itakuja na tarakimu nne: lehemu ya jumla, LDL, HDL (chembe ziitwazo lehemu nzuri) na trigliseridi. Nyingi huandikwa kwa milimoli kwa lita. Ukipewa zilizoandikwa kwa miligramu kwa desilita, gawanya lehemu kwa 38.7, na trigliseridi kwa 88.6, ndipo ulinganishe. Tuseme umepewa lehemu ya jumla 6.2, HDL 1.1 na trigliseridi 1.9, na mahali pa LDL pako wazi. Gawanya trigliseridi kwa 2.2, upate karibu 0.9, kisha toa 1.1 na 0.9 katika 6.2, nayo LDL itakuwa 4.2. Hesabu hii haifai trigliseridi zikipita 4.5. Hapo tumia hesabu nyepesi zaidi, ya kutoa HDL katika lehemu ya jumla. Kinachobaki ni mzigo wote wa chembe zinazodhuru ateri.

Usitulizwe na HDL kubwa. Ni kweli huitwa lehemu nzuri, na HDL iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke huashiria hatari, lakini dawa zilizobuniwa ili kuipandisha hazikuwaokoa watu na mshtuko wa moyo kama ilivyotarajiwa. Macho yabaki kwenye LDL.

Je, LDL ya ngapi ni salama? Hapa ndipo karatasi ya maabara huwapotosha wengi, kwa sababu safu ya viwango vya kawaida iliyo pembeni ni moja kwa watu wote, ilhali lengo la kila mtu hutegemea hatari aliyo nayo. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 unapendekeza LDL iwe chini ya 3.0 kwa mwenye hatari ndogo, chini ya 2.6 kwa mwenye hatari ya wastani, chini ya 1.8 kwa mwenye hatari kubwa, na chini ya 1.4 kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi kilichotokana na ateri. Kwa hiyo LDL ya 2.9, ambayo maabara haitaiwekea alama yoyote, yaweza kumfaa kijana wa miaka 28 asiyevuta sigara, lakini ikawa ni mara mbili ya lengo la baba yake aliyewekewa kijibomba katika ateri mwaka jana. Shirika la Afya Duniani limetoa majedwali ya kukadiria hatari, likiwemo la ukanda wetu wa Afrika Mashariki, yanayounganisha umri, jinsia, sigara, presha, sukari na lehemu. Mwulize daktari au afisa wa kliniki akuonyeshe ulipo kwenye jedwali, kisha uondoke na lengo lako limeandikwa kwa tarakimu.

Chungu cha Mombasa

Chakula kinachoipandisha LDL zaidi si chakula chenye lehemu ndani yake, kama watu wanavyodhani, bali ni chenye mafuta yaliyoshiba, yaani yale yenye tabia ya kuganda. Ini lina vipokezi vinavyonasa LDL na kuiondoa katika damu (Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyovigundua), na mafuta yaliyoshiba huvipunguza vipokezi hivyo, hivyo LDL hubaki ikizunguka kwa muda mrefu. Kamba na mayai, ambavyo watu huvikimbia kwa hofu, vina lehemu lakini mafuta yake yaliyoshiba si mengi. Yai moja kwa siku halimdhuru mtu wa kawaida kama inavyomdhuru samli ambayo yai hilo limekaangiwa.

Kanuni ya kuganda ina mtego katika mji wetu. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Mombasa joto hilo halifiki mara nyingi, kwa hiyo chupa ya mafuta ya nazi hukaa rafuni ikiwa majimaji mwaka mzima na mwenyewe akaamini kuwa ni mafuta mepesi. Itie katika friji usiku mmoja uone. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba, kiwango kinachopita samli na siagi. Mawese nayo yana takriban nusu, na mafuta ya kupimia yanayouzwa madukani kwa kikombe mara nyingi ni mawese yaliyochujwa sehemu yake inayoganda. Maandishi ya kibandiko yasemayo kwamba mafuta hayana kolestro hayana uzito wowote, maana hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu ya kuogopwa. Unachotafuta ni aina ya mmea na kiasi cha mafuta yaliyoshiba. Alizeti, soya, kanola, mahindi na simsim ndiyo ya kuchagua. Mafuta mgando ya kopo ni ya kuacha kabisa, hasa yakiwa na mafuta yaliyogandishwa nusu kiwandani, kwani hayo hupandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja.

Tufike sasa penye nazi, na najua hapa nagusa heshima ya watu. Nyama ya nazi moja ya wastani, yenye uzito wa karibu gramu 400, ina mafuta kama gramu 130, na kati ya hayo yaliyoshiba yanakaribia gramu 118. Tuchukulie kwamba nusu tu hupita kwenye kifumbu na nusu ikabaki katika machicha. Familia ya watu watano ikitumia nazi moja kwa wali na nyingine kwa maharagwe, kila mmoja amepata takriban gramu 24 za mafuta yaliyoshiba katika mlo huo mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni kama gramu 22. Kiwango cha siku kimekwisha kabla hatujataja mahamri ya asubuhi.

Mtu atasema wazee wetu walikula nazi na hawakujua mshtuko wa moyo. Hoja hii ina nguvu kidogo na udhaifu mwingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 kuhusu watu wa visiwa vya Pukapuka na Tokelau katika Pasifiki ulikuta kwamba wa Tokelau, waliopata zaidi ya nusu ya nishati yao kutoka katika nazi, walikuwa na lehemu nyingi kuliko wa Pukapuka, ingawa maradhi ya moyo yalikuwa nadra kotekote. Watu wale walikula samaki na mazao yao, wakafanya kazi za mwili, na hawakuwa na vyakula vingi vya dukani. Anayekula tui la babu yake pamoja na viazi karai, soda, chapati za samli na kuketi dukani kwa muda wa saa kumi na mbili hawezi kudai kinga ya babu yake.

Sishauri nazi iondoke jikoni, kwa sababu ushauri wa namna hiyo hufuatwa wiki mbili tu. Afadhali ipangwe. Siku ya wali wa nazi, mchuzi uwe wa nyanya na ndimu. Siku ya mbaazi za nazi, mezani pawe na mkate wa mofa badala ya mahamri. Tui la kwanza, lile zito, ndilo lenye mafuta mengi. Kwa mapishi ya kila siku tumia tui la pili, kisha tia vijiko viwili vya tui zito mwishoni, chungu kikikaribia kuepuliwa, harufu na ladha zitabaki. Samaki wa kupaka na abaki kuwa chakula cha wageni. Madafu hayamo katika kesi hii, kwani maji yake karibu hayana mafuta.

Inafaa kukumbuka kwamba mbaazi zenyewe ni dawa. Kunde, maharagwe, dengu, pojo na mbaazi zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hunasa nyongo tumboni na kulilazimisha ini kuvuta lehemu kutoka katika damu ili litengeneze nyongo nyingine. Oti hufanya kazi hiyo hiyo: gramu 3 za nyuzinyuzi zake kwa siku, zinazopatikana katika bakuli kubwa la uji au mawili madogo, hushusha LDL kidogo lakini kwa uhakika. Bamia na biringani zimo katika kundi hili. Korosho na njugu, konzi moja kwa siku zisizotiwa chumvi, ni badala nzuri ya kachri na chevda. Samaki wenye mafuta yao wenyewe, kama vibua, simu na jodari, wachomwe au wapikwe mchuzi; ukiwazamisha katika karai la mafuta yaliyotumika tangu juzi umejinyima sehemu ya faida uliyowanunulia.

Jambo la mwisho la chakula ni kosa linalotokea mara nyingi. Mtu huacha mafuta, kisha akajaza pengo kwa mkate mweupe, wali mwingi na chai ya sukari vijiko vitatu. Trigliseridi hupanda, HDL hushuka, na faida ya moyo hupotea. Mafuta mabaya yabadilishwe na mafuta mazuri na jamii ya kunde, si sukari. Kwa mpango huu mzuri wa chakula wengi hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15, wengine zaidi. Ramadhani, ambayo ingekuwa mwezi wa nafuu kwa ateri, hugeuzwa na sambusa, bhajia na kaimati kuwa mwezi wa karai. Nyumba itakayokubaliana kukaanga kitu kimoja tu kila magharibi itaona tofauti katika karatasi ya Shawwal.

Kahawa, sigara na miguu

Kahawa tungu inayochemshwa ndani ya dele huacha katika kikombe mafuta yake ya asili ambayo kahawa iliyochujwa kwa karatasi huyapoteza, na mafuta hayo hupandisha LDL. Watafiti wa nchi za kaskazini ya Ulaya waliligundua hilo kwa watu wao wanaochemsha kahawa. Vikombe viwili vidogo barazani havina neno. Lakini mtu anayekunywa kumi kwa siku, na LDL yake inakataa kushuka pasi na sababu, aanze kuchunguza hapo.

Sigara na shisha haziongezi LDL sana, ila huuchubua ukuta wa ateri na kuigandisha damu, na hatari ya mwenye kuacha hushuka kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Muguka na miraa huukimbiza moyo na kupandisha presha. Mwenye ugonjwa wa ateri aviache. Kuhusu mazoezi, nisingependa mtu atarajie kwamba kutembea kutaishusha LDL kwa kiasi kikubwa, kwani hakufanyi hivyo. Kunashusha presha, sukari na trigliseridi, nako ni kutosha kabisa kuhalalisha dakika 150 kwa wiki. Uwanja wa Mama Ngina alfajiri, kabla ya jua kukolea, umeandaliwa vyema kwa kazi hiyo, na asiyefika huko na ashuke tuktuk mapema kidogo kila siku.

Vidonge, na kwa nini watu huviacha

Wapo ambao chakula peke yake hakitawatosha, nao hawana kosa. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha ateri, mwenye LDL ya 4.9 au zaidi, na wengi wenye kisukari waliopita miaka 40, huhitaji dawa pamoja na chakula tangu mwanzo. Wengine wapewe miezi mitatu hivi ya kubadilisha chungu, kisha wapime tena. Kabla ya kuanza dawa, daktari apime pia tezi ya shingoni, figo, ini na sukari, kwa sababu tezi iliyolegea huweza kupandisha LDL, na tiba yake ni ya tezi.

Dawa za statini, zilizotokana na kazi ya mwanasayansi wa Kijapani Akira Endo aliyechunguza ukungu miaka ya 1970, huzuia ini kutengeneza lehemu na hivyo kulifanya liongeze vipokezi vya kuivuta LDL. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za kaskazini ya Ulaya uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444 ulionyesha kuwa simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Tafiti nyingi zilizojumlishwa baadaye zinatoa kipimo kinachofaa kukumbukwa: kila milimoli 1 ya LDL inayoshushwa hupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na upasuaji wa ateri kwa takriban asilimia 22. Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, utafiti wa 2023 ulionyesha kuwa statini iitwayo pitavastatini ilipunguza matukio hayo kwa asilimia 35, hata kwa waliokuwa na hatari ya wastani tu.

Atorvastatini ya miligramu 40 au 80, au rosuvastatini ya 20 au 40, hushusha LDL kwa nusu au zaidi. Kuongeza dozi maradufu huongeza asilimia 6 hivi tu, kwa hiyo lengo lisipofikiwa ni busara zaidi daktari aongeze ezetimibe, inayozuia lehemu kufyonzwa tumboni, kuliko kuendelea kupandisha dozi ya kwanza. Simvastatini humezwa usiku. Atorvastatini na rosuvastatini wakati wowote, mradi usiwe wa kubahatisha. Katika Ramadhani kidonge huhamia kwenye futari au daku na saumu haiguswi. Pima tena baada ya wiki 4 hadi 12, kisha angalau mara moja kwa mwaka.

Karatasi hiyo ya pili ndiyo huwapoteza watu. LDL imeshuka kutoka 4.2 hadi 1.9, mgonjwa anafurahi, anasema mafuta yameisha, na vidonge vinawekwa kabatini. Hayajaisha. Yamezuiwa, na ndani ya wiki chache yatarejea pale pale yalipokuwa. Mwenye duka la dawa anayeulizwa, "Mwanangu, si nimeshapona sasa?" na ajibu kwa adabu lakini bila kuuma maneno: "La, bibi, dawa ndiyo inayokuonyesha umepona, endelea nayo mpaka daktari aseme."

Sababu ya pili ya kuacha ni maumivu ya misuli. Yapo, na anayeumwa asipuuzwe. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai pamoja na udhaifu wa mwili, asimamishe dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata hivyo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, uliowachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, uliwapa kwa miezi tofauti dawa halisi, vidonge visivyo na dawa, au wasipewe kitu. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia kwenye dawa waliusikia pia kwenye vidonge vitupu. Wengi hufanikiwa kwa kupunguziwa dozi au kubadilishiwa aina. Statini pia huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari kwa mtu aliyekuwa tayari karibu nacho, na faida yake kwa moyo huzidi hasara hiyo. Mwanamke anayepanga kushika mimba amweleze daktari mapema, kwani dawa hizi kwa kawaida husimamishwa.

Balungi liepukwe na wanaotumia simvastatini au atorvastatini, maana huzuia dawa kuvunjwavunjwa mwilini na kuifanya ikusanyike. Ukipewa antibiotiki kama erithromaisini au klarithromaisini, mwambie mwenye dawa kuwa unatumia statini. Kuhusu kitunguu saumu, habasoda, siki na maji ya ndimu ya asubuhi, sina ugomvi navyo vikiwa chakula. Tatizo langu ni pale vinapochukua nafasi ya kidonge, kwa kuwa hakuna hata kimoja kilichoonyeshwa kupunguza mshtuko wa moyo kama statini zilivyofanya. Aspirini ya kila siku nayo si ya kila mtu: kwa ambaye hajawahi kuugua moyo, mara nyingi hatari ya kutokwa na damu hufuta faida yake.

Ndugu wa damu

Takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 huzaliwa na hitilafu ya kurithi inayopandisha LDL tangu utotoni. LDL ya 4.9 au zaidi, uvimbe mgumu kwenye kano ya kisigino, au mshtuko wa moyo katika familia kwa mwanamume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65, ni sababu ya kuwapima wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa. Katika koo zetu zinazooana binamu kwa binamu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mtoto akirithi hitilafu kutoka pande zote mbili huweza kuugua moyo akiwa bado mwanafunzi. Wenye asili ya Bara Hindi nao, hata wasipokuwa na hitilafu hiyo, huhesabiwa kuwa na hatari ya juu kidogo. Mara moja maishani inafaa kupima pia chembe iitwayo lipoprotini(a), ambayo hurithiwa na haibadilishwi na chakula. Ikiwa juu, LDL ishushwe kwa bidii zaidi.

Kifua kikibana

Mpango wote huu hupunguza hatari bila kuifuta. Kifua kinachobana au kulemea kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakaenda mkononi, taya au mgongoni, pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu au pumzi kukatika, yasiitwe gesi wala asidi na kutafutiwa kidonge cha kutafuna dukani. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili huweza kuwa uchovu wa ghafla na kukosa pumzi tu. Tafuna aspirini ya miligramu 300 ikiwa huna mzio nayo wala hutokwi na damu, usiendeshe gari mwenyewe, na uende moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Anayeishi Likoni au Mtongwe na aulize sasa, akiwa mzima, ni kituo gani cha upande wake wa kivuko chenye mashine hiyo usiku, na namba ya simu ya kituo hicho iandikwe mahali ambapo watoto wa nyumbani wanaweza kuiona.